Mtani Wangu na Ua la Plastiki

Bosi wetu, mtendaji wa kata, alirudi kutoka semina ya mjini amekumbatia ua la plastiki ndani ya chungu cha plastiki. Alilipitisha mlangoni kwa uangalifu mkubwa, akaliweka juu ya kabati la chumba chetu, mimi na mwenzangu afisa mifugo, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama. Akatuambia kwamba wataalamu wamegundua kuwa rangi ya kijani inatuliza akili ya mfanyakazi. Nikageuka kutazama dirishani. Nje kulikuwa na migomba, mpunga wa watu mpaka macho yanapochoka, na nyuma yake milima ya Udzungwa, kijani kutoka miguuni hadi kwenye mawingu. Bonde la Kilombero ni mahali ambapo ukiegemeza fimbo ukutani wakati wa mvua unaikuta imechipua. Lakini sikusema kitu. Mshahara una adabu zake.

Semina yenyewe ilihusu namna ya kupunguza msongo wa mawazo kazini. Kesho yake alitukusanya wafanyakazi wote wa ofisi ya kata, ambao tukikaa kwenye benchi moja bado nafasi inabaki, akatufundisha alichofundishwa. Kwanza, mtu avute pumzi kwa pua, azibane, kisha azitoe taratibu kwa mdomo. Nikasikitika kwamba nimefikia umri huu nikipumua kienyeji. Pili, mfanyakazi anywe maji mengi. Ushauri mzuri, ila choo cha ofisi kina kufuli, ufunguo anao mlinzi, na mlinzi ana shamba lake la mpunga analolipenda kuliko lindo. Tatu, kila baada ya muda mtu atoke nje, atembee kidogo, apate hewa. Hayo aliyasema masika imekolea, wakati ambao ukitoka ofisini kwetu kutafuta hewa unaacha kiatu kwenye tope na hewa hujaipata. Nne, na hili alilipenda kuliko yote, kila asubuhi tungeanza kazi kwa dakika tano za ukimya.

Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini wahenga hawakualikwa semina.

Naomba nieleweke. Sikatai kwamba kazini kuna msongo. Mimi ni afisa kilimo, mwenzangu alikuwa afisa mifugo, na bondeni kwetu hizo si kazi mbili, ni ugomvi mmoja uliowekewa meza mbili. Asubuhi mkulima anafika ameshika konzi ya mpunga uliokanyagwa na ng'ombe, anaimwaga juu ya meza yangu, juu ya karatasi zangu, na matope yake. Kabla hajamaliza kueleza, mfugaji anaegesha baiskeli yake nje, anaingia akidai kwamba ndama wake amekatwa panga mguuni. Wote wawili wanapaza sauti, na wote wawili wana haki kiasi fulani. Hapo ndipo presha inapotoka. Mtu mwenye makosa yote hakupi presha hata kidogo, unamwandikia tu barua.

Presha ninayo. Nesi wa zahanati aliponipima alitazama kipimo, akanitazama mimi, akasema, "Mama, punguza mawazo." Halafu akaita mgonjwa mwingine. Nimekuwa nikijiuliza tangu siku ile mawazo yanapunguzwa kwa kipimo gani, na yale yanayopunguzwa yanapelekwa wapi.

Kabla ya semina nilikuwa na dawa zangu mbili. Ya kwanza ilikuwa ungo. Niliuweka chini ya meza na mchele wa jioni ndani yake, maana mchele ukitoka mashineni hauachi kuwa na chuya na vijiwe. Nikimaliza kusikiliza kesi naupakata ungo, naanza kuchambua. Chuya huku, jiwe kule. Vidole vinafanya kazi, kichwa kinapumzika, na yule aliyenifokea asubuhi anaanza kusahaulika punje kwa punje. Ikifika saa ya chai, akili imenyooka na chakula cha jioni kiko tayari kwenda jikoni. Sijui semina gani inaweza kumpa mtu vyote viwili.

Dawa ya pili ilikuwa mwenzangu mwenyewe.

Mimi ni Mpogoro, wazee wangu walitokea upande wa Mahenge, nami naishi sehemu iitwayo Viwanja Sitini na kazini naenda kwa baiskeli. Yeye ni Msukuma. Wazazi wake walikuja na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa mama yake akiwa na mimba, naye akazaliwa kijiji cha Mbingu, humu humu bondeni, na kitovu chake kikazikwa Mbingu. Kanda ya Ziwa alikuwa amefika safari moja tu maishani, kumzika babu yake, akarudi na mafua. Kwa mila, Mpogoro na Msukuma si watani. Wazee wetu walikuwa na watani wao wa tangu enzi, waliopatana baada ya kupigana, na Wasukuma hawakuwamo. Utani wetu tuliujenga wenyewe pale mezani, kwa sababu huwezi kukaa chumba kimoja na mtu kutwa nzima mkisikiliza shida za watu, halafu ukose wa kumtukana kwa mapenzi.

Kuutumia utani kama kifaa cha kazi kulianza kwa bahati. Siku hiyo mkulima na mfugaji walikuwa wamefikia hatua ya kushikana mashati mbele yetu. Mimi, kwa kukata tamaa, nikafunua sahani yangu nile chapati niliyokuwa nimeihifadhi. Chini ya sahani hapakuwa na chapati. Nikamtazama mwenzangu. Alikuwa anatafuna.

"Wewe Msukuma!" nikamwambia, na sauti yangu ikazipita zao. "Ng'ombe wako wale mpunga wa watu, na wewe ule chapati yangu? Ukoo mzima hamjui mpaka?"

Akameza kwanza, kwa adabu. "Mtani, Mpogoro akifunika chakula ujue ameshakisahau. Nimekuokolea kisichache."

"Utaitapika!"

"Nitaitapika siku mtakayowatapika kambale wote mliowamaliza mtoni, mpaka mamba wanakwenda kuomba chakula parokiani."

Tukaendelea hivyo, tumesimama, tunanyoosheana vidole, mate yanaruka. Wale wawili wakaachiana mashati. Mfugaji akaja kunishika mkono akisema, "Mama, jamani, chapati tu." Mkulima naye akamvuta mwenzangu pembeni, akamwambia hivi sivyo watumishi wa serikali wanavyoishi. Waliokuja kusuluhishwa wakatusuluhisha sisi. Na mtu akishakuambia kwamba wewe ni mtu mzima uache mambo ya kitoto, aibu haimruhusu tena kurudi kulishika shati la jirani yake. Walikaa chini, wakapatana kabla ya mchana.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo njia yetu. Kesi ikipamba moto, mmoja wetu anatupa neno, mwingine analipokea. Yeye alinitukana kwa niaba ya wafugaji wote, mimi nikamtukana kwa niaba ya wakulima wote, na tulitukana vizuri kuliko wao, kwa kuwa sisi tulikuwa na muda wa kufanya mazoezi. Jioni nilipanda baiskeli yangu kichwa kikiwa chepesi. Utani una sheria chache tu. Mtani hakasiriki, na mtani hujibu. Ukitaniwa ukanyamaza, umeugeuza utani kuwa tusi. Na kulikuwa na neno moja ambalo mimi na yeye hatukuwahi kulitamka hata tulipokolea: rudi kwenu. Bondeni kwetu neno hilo si la mzaha. Kuna watu waliwahi kuambiwa hivyo wakiwa hawana pengine pa kurudi.

Sasa bosi, katika wiki ya kwanza ya amani yake mpya, akapita barazani akanisikia nikimwambia mwenzangu kwamba huko kwao ng'ombe wana majina na watoto wanaitwa kwa kupigiwa mluzi. Alituita. Alisema hiyo ni lugha isiyofaa kazini, inaongeza msongo. Mwenzangu akajaribu kumweleza kwamba ndiyo inayoupunguza. Bosi akatabasamu kwa huruma, tabasamu la mtu aliyepewa cheti. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha," akasema. Akapiga marufuku utani. Alipokuwa anatoka akauona ungo chini ya meza, akaupiga marufuku pia, kwamba ofisi si jiko. Tukabaki na ua.

Dakika tano za ukimya zilikuwa na mambo yake. Tulisimama kwenye baraza tumefumba macho, na hapo ndipo nilipogundua kwamba tumbo la karani linanguruma kwa Kindamba, lugha ya kwao. Pikipiki zilipita kuelekea Mlimba, kuku wa mlinzi walitangaza mayai yao, na siku moja simu ya bosi mwenyewe ilipiga wimbo wa taarabu hadi mwisho, kwa kuwa aliona kuizima ni kuvunja ukimya. Mimi ndani ya kichwa changu nilikuwa naorodhesha kila kitu kinachoniudhi duniani. Siku za kawaida sikupata nafasi hiyo.

Basi ikaja kesi ya dume.

Mzee mmoja mkulima, Mkatoliki wa kukaa safu ya mbele, mpunga wake ulikuwa umeshatoa masuke, na ng'ombe wa jirani yake wakaingia. Jirani huyo alikuwa mfugaji wa makamo, Msukuma, ambaye siku zote mzee alikuwa akinywa maziwa yake, naye akila mchele wa mzee. Safari hii mzee alimkamata dume mmoja, akamfunga kwenye mti nyuma ya nyumba, akasema hamwachii mpaka mpunga wake uote tena. Wanawe wakaanza kunoa mapanga. Ndugu wa mfugaji nao wakaanza kukata fimbo. Zamani hiyo ingekuwa kesi ya chapati moja.

Bosi akasema hii ataishughulikia mwenyewe, kwa njia za kisasa. Alituita wote ofisini kwake: mzee, mfugaji, mimi na mwenzangu. Ua lilikuwa limehamishiwa mezani kwake kwa ajili ya shughuli hiyo. Akawaomba wahusika wakae wima, wafumbe macho, wavute pumzi kwa pua.

"Shikamoo yako nimeitikia, mwanangu," mzee akamwambia bosi, "lakini mimi nimekuja na shida ya mpunga. Sikuja na pumu."

"Vuta tu, mzee wangu. Hasira itatoka."

Wakavuta. Mfugaji, ambaye hakuzoea kukaa kiti mbele ya mtendaji, alizibana pumzi mpaka nikaanza kuogopa, kwa sababu hakuna aliyemwambia azitoe lini. Kisha bosi akatangaza dakika tano za ukimya, kila mtu amtafakari mwenzake. Mzee akamtafakari mwenzake. Nilimwona akimtafakari, taya zinatembea. Mtu mwenye hasira ukimnyima maneno humpunguzii kitu, unamfunikia sufuria. Muda ulipokwisha bosi akauliza kwa upole, "Haya, mzee, sasa unajisikiaje?"

Mzee akanyoosha kidole kwa mfugaji. "Rudini kwenu mlikotoka!"

Mfugaji akainamisha kichwa. Yeye alishazoea. Lakini pembeni yake alikuwa amekaa mwenzangu, na mwenzangu hakuinama. Alikuwa analitazama ua la plastiki, akalitazama kwa muda mrefu. Siku nyingine ningetupa neno lolote, hata la kambale, ningemwamsha. Siku hiyo tulikuwa kwenye njia za kisasa. Bosi akafunga kikao, akisema tumepiga hatua.

Tuliporudi chumbani kwetu nikakata chapati yangu katikati, nikamsogezea nusu. Huko nyuma hakuwahi kusubiri kusogezewa.

"Asante, mama," akasema.

Mama. Miaka yote hiyo aliniita mtani. Shikamoo ya asubuhi alinipa, mimi nikaitikia marahaba, lakini baada ya hapo nilikuwa mtani mpaka jioni. Ile nusu ya chapati ilibaki mezani, na sisimizi wakaja kuitazama.

Siku iliyofuata akaniambia ameandika barua ya kuomba uhamisho kwenda Kanda ya Ziwa.

"Una nani huko?" nikamuuliza.

"Si wamesema nirudi kwetu? Naenda kuangalia kama kupo."

Alisema bila kunitazama, anapanga sindano zake za chanjo kwenye boksi. Sikutaka aende. Naliandika hivyo bila kulizungusha: sikutaka aende. Nilijua akiondoka nitabaki na zile konzi za mpunga juu ya meza yangu, na presha yangu, na ukimya, na ua. Lakini utani ulikuwa marufuku, na kumbembeleza mtu mzima mimi sijui. Njia pekee niliyoijua ya kumwambia mtu yule kwamba nampenda ilikuwa kumtukana.

Wakati huo dume alikuwa bado amefungwa, anakonda, na mapanga yalikuwa yameshanolewa ya kutosha. Wahusika wakaitwa tena. Ofisi ya bosi ilikuwa inavuja, mvua ilikuwa imepata tundu juu ya kiti chake, kwa hiyo kikao kikahamia chumbani kwetu. Bosi akasimama mlangoni. Kwa kweli alionekana amechoka; nilisikia akivuta pumzi kwa pua, peke yake, nikamwonea huruma kidogo. Mzee akaanza. Mfugaji safari hii hakuinama, akajibu. Sauti zikapanda. Nje walikuwa wamekusanyika wana wa mzee upande mmoja na ndugu wa mfugaji upande wa pili, na baina yao ilikuwa baiskeli yangu tu.

Nikainuka. "Wewe Msukuma!" nikamwambia mwenzangu. "Umekaa hapo umenyamaza kama ndama aliyeachishwa ziwa! Ng'ombe wenu wamemaliza mpunga, na wewe ndiye shahidi wao!"

Mwenzangu hakujibu.

"Mama," bosi akaniita kutoka mlangoni.

Sikumsikiliza bosi. "Nasema na wewe! Au ulimi nao umepelekwa malishoni?"

Hakujibu. Alikuwa anatazama mikono yake. Nikaogopa, niseme kweli. Tusi la utani lisilojibiwa ni tusi, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya wakulima na wafugaji nikimtukana mtu wa watu. Wale wa nje walikuwa wamesogea dirishani. Mfugaji alikuwa ananitazama kwa macho ambayo sikuyapenda. Nikashika kile kilichobaki.

"Na chapati yangu! Uliila chapati yangu, hujanirudishia mpaka leo, na sasa unataka kuhama nayo!"

Mzee akageuka. "Anahama? Nani anahama?"

"Huyu hapa. Ameomba uhamisho."

"Anakwenda wapi?"

"Kwao," nikamwambia. "Si ulisema warudi kwao, mzee wangu? Ameitikia."

Mzee akamtazama mwenzangu, akanitazama mimi. "Mimi sikumwambia yeye. Huyu kwao si Mbingu? Huyu nimemwona akichunga hana hata kaptula. Na kuku wangu atawachanja nani? Mimi nilikuwa naongea na huyu." Akanyoosha kidole tena kwa mfugaji, lakini safari hii kidole hakikunyooka vizuri.

Mfugaji akasema polepole, "Na mimi, baba, mwanangu wa kwanza nimemlaza hapo nyuma ya mgomba wako. Kaburi ulichimba wewe."

Mvua ilikuwa inadondoka kwenye kiti cha bosi, ng'ambo ya ukuta. Katika ukimya wote nilioshiriki ofisini kwetu, huo ndio pekee uliofanya kazi, na hakuna aliyetuomba tufumbe macho. Mzee akavua kofia yake, akaishika, hakujua pa kuiweka.

Kisha mwenzangu akakohoa. "Mtani," akasema.

Nikageuka.

"Chapati yako ilikuwa ya jana yake. Iliniharibu tumbo mpaka nikakosa ibada. Anayedaiwa hapa ni wewe." Akaongeza kwa Kipogoro, tena Kipogoro cha bibi zangu, tusi moja juu ya wanawake wanaochambua mchele mpaka sufuriani yanabaki maji matupu.

Mzee ndiye aliyecheka wa kwanza. Alicheka mpaka akapiga paja kwa ile kofia, na nilimwona akijifuta macho kwa namna ambayo haikuwa ya kucheka tu. Nje wakauliza kumetokea nini, wakaelezwa kupitia dirishani, nao wakacheka, na mapanga yakakaa chini ya makwapa yakionekana ya kijinga. Walipatana siku ile ile. Dume angeachiwa jioni, na msimu ujao mfugaji angelilima shamba lote la mzee kwa maksai wake, na angeweka boma la miiba upande wa mto. Bosi katika taarifa yake aliandika kwamba mafunzo ya kupunguza msongo yameanza kuzaa matunda.

Mwenzangu aliamua kubaki. Aliniambia mwenyewe, mdomo umejaa chapati yangu. Akaandika barua ya pili, ya kuiondoa ile ya kwanza.

Hapa inabidi nieleze kidogo habari za barua za ofisi yetu. Tuliomba jokofu la chanjo. Barua inasafiri mpaka leo. Tuliomba bati moja la kuziba lile tundu. Bosi ameshajifunza kukaa upande wa pili wa meza. Lakini barua ya mtu mmoja aliyeandika kwa uchungu, siku moja tu ya maisha yake, kwamba anataka kuondoka, hiyo ilikwenda kama mshale. Majibu yalirudi kabla tope la masika halijakauka. Ombi lake limekubaliwa, aripoti kituo kipya mara moja. Barua ya pili, wakamwambia, haijaonekana.

Tulimfanyia sherehe ndogo ya kumuaga, soda na wali wa nyama. Bosi alitoa hotuba. Alisema nyumbani ni nyumbani, na kwamba anamwonea wivu mtu anayepewa nafasi ya kurudi kwao kuwatumikia watu wake. Yule mzee alikuja na gunia la mchele, akaliweka karibu na kiti cha mwenzangu, akakaa mbali. Kisha bosi akamkabidhi zawadi ya ofisi, ili asisahau kijani cha Kilombero. Ilikuwa ua la plastiki. Mwenzangu alilipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama walivyomlea kwao Mbingu.

Nikaurudisha ungo chini ya meza. Hakuna aliyenikataza. Afisa mifugo mpya hajaletwa, kwa hiyo kesi zikija nasikiliza pande zote mbili mwenyewe, na zikipamba moto sina wa kumtukana.

Alinipigia simu Jumapili moja, nimetoka misa. Nyuma yake upepo ulikuwa mkali.

"Mtani, huku wananiita Mpogoro."

Nilicheka mpaka watu wa njiani wakageuka. Akaniambia Kisukuma chake kinawachekesha watoto, kwamba ofisini anaulizia wali mpaka mama lishe amemkatia tamaa, na kwamba jirani zake wanamuuliza huko kwao mamba wanaliwa kwa mchuzi au wanachomwa.

"Na ua?" nikamuuliza.

"Lipo. Halinyauki." Nikasikia upepo. "Juzi tulikuwa na kesi ya mpaka wa shamba na malisho. Kuna mzee hakupenda nilivyopima. Akaniambia rudi kwenu."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia nimeshaandika barua, nasubiri majibu."

Simu ikakatika, au salio lilikwisha, sijui. Nilikaa kwenye ngazi za kanisa na baiskeli yangu pembeni. Nikafumba macho, nikavuta pumzi kwa pua, nikazibana, nikazitoa taratibu kwa mdomo, kama tulivyofundishwa. Nikarudia tena. Haikusaidia kitu.